Hadithi Moja, Bahasha Tatu

Mshauri mpendwa wa ukurasa wa kumi na moja,

Mimi si mtu wa kuombaomba, muulize yeyote katika bonde letu, nimelima mteremko huu miaka sitini bila kuazima hata jembe, lakini leo naomba msaada wako, tena naomba upesi, kwa sababu jambo langu lina siku yake na siku yenyewe ni tarehe moja Januari asubuhi, na jina langu usilitaje, ingawa hata usipolitaja wengi watanijua, maana mimi si mtu mdogo hapa.

Kwanza ujue unasoma mwandiko wa nani. Nina miaka sabini na tisa. Kusoma nimejifunza nikiwa na sabini na sita, katika darasa la wazee kwenye ukumbi wa kijiji, mwanamume peke yangu kati ya mabibi kumi na wanne, na mwalimu wetu Se-rin, binti mdogo kama mjukuu wangu, alisema hajapata kuona mtu akizikamata herufi upesi namna ile, na hili silisemi kwa kujisifu, nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma mifuko ya mbolea, na mwaka wa tatu nimeandika hadithi. Bibi Guk anayekaa nyuma yangu mpaka leo anaandika orodha ya sokoni tu, na vitunguu bado vinamshinda.

Sasa nikueleze habari za marehemu mke wangu, Jeom-rye. Yeye alisoma hadi darasa la sita, na miaka yote arobaini na minane ya ndoa yetu ndiye aliyekuwa macho yangu kwenye karatasi. Hakuna aliyejua. Tukienda benki au kwa daktari, akiniona nimekodolea karatasi, alikuwa anasema kwa sauti mbele ya watu, "Huyu naye! Kasahau miwani tena," kisha anaichukua anasoma yeye, na mimi miwani sikuwa nayo, sijawahi kuwa nayo, nina macho ya mwewe. Hata mwanangu Sang-deok alikua akidhani baba yake ni msahaulifu.

Na kila tarehe moja Januari, kama unavyojua mwenyewe, magazeti huchapa hadithi ya yule aliyeshinda shindano la mwaka mpya, na nyumbani kwetu tukishamaliza supu, Jeom-rye alikuwa anakaa kwenye ile sehemu yenye moto zaidi ya sakafu tunayoipasha kutoka chini, anafungua gazeti, mikono imetanuka kama mtu anayepima kitambaa, mimi napasua njugu za kuchoma namwekea karibu na goti, nje theluji imeziba njia hata mbwa habweki, na yeye anasoma. Alikuwa anasoma polepole. Mimi nilikuwa nafumba macho, na ile nyumba ya hadithi ilikuwa inaingia ndani ya nyumba yangu, watu wake wanakaa nasi sakafuni, mito yao inapita chini ya mlango, na akinyamaza kugeuza ukurasa nao walikuwa wananyamaza wakimsubiri, nami nilikuwa naogopa hata kukohoa nisiwafukuze.

Akimaliza, kila mwaka nilikuwa namwambia, "Hiyo hata mimi ningeitunga, tena bora kuliko hiyo."

Naye anasema, "Basi itunge."

"Niitunge na nini?"

"Na huo huo ulimi unaojisifia. Wewe sema, mimi nitaandika."

Lakini mara ni mavuno, mara ng'ombe anazaa, mara mtoto anaoa, na mara Jeom-rye mwenyewe hayupo. Sasa ni majira manne ya baridi. Ule mwaka mpya wa kwanza bila yeye gazeti lilikuja kama kawaida, nikalifungua kama yeye, nikaliona kama shamba lenye theluji ambalo kunguru wamelitembelea na kuondoka. Ndiyo sababu nilikwenda shule. Mabibi wanasema nilifuata chakula cha mchana cha bure, waache waseme.

Hadithi niliyoandika inahusu mwanamke aliyekuwa akiwasomea watu wa kijiji kizima barua zao, na siku aliyokufa maandishi yote kijijini yakafutika, barua zikawa nyeupe, vibao vya milangoni vikawa vyeupe, hata mawe ya makaburini, na mumewe akatembea mpaka mjini kumtafuta mtu wa kuyaandika upya, akakuta mji nao umefutika, akarudi amebeba theluji tu. Nyingine sikuambii, utaisoma. Niliitunga kichwani wakati wa kupalilia, nikaiandika kwa penseli kutoka majira ya kupanda hadi ya kuvuna. Mwalimu Se-rin aliipiga chapa, na alipofika mwisho akaenda dirishani akasimama akinipa mgongo, akasema baridi imemwingia machoni.

Ni yeye aliyeniletea matangazo ya magazeti matatu, ameyakata kwa mkasi. Akasema, "Chagua moja linalokufaa, babu." Nikaitikia. Lakini moyoni nikasema, nichague? Mshauri, wewe gazeti lako ni la wakulima, huhitaji kufundishwa jinsi maharage yanavyopandwa. Shimo moja, punje tatu, moja ya ndege, moja ya mdudu, moja ya mtu. Baba yangu alipanda hivyo, na baba yake. Mtu anayetia punje moja shimoni akarudi nyumbani kulala, huyo si mkulima, huyo ni mcheza kamari. Nikaenda dukani nikatoa kopi, nikatia hadithi ile ile katika bahasha tatu, kwa magazeti matatu. Yale masharti chini ya tangazo yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chungu, nikasoma herufi kubwa nikaziacha ndogo, kwa maana katika maisha yangu mambo makubwa huandikwa kwa herufi kubwa.

Juu ya bahasha walitaka uandike kwa wino mwekundu kwamba hii ni ya shindano. Nilikuwa naandika ukumbini, Bibi Guk akapita na beseni la kabichi.

"Yuu! Baba Sang-deok, wino mwekundu, kama jina la maiti? Unajiandikia kifo?"

"Jina langu nimeliandika kwa mweusi. Jekundu ni neno shindano. Soma kwanza, ndipo uogope."

"Nisome nini hapo? Kuku amepita na miguu ya rangi."

Akaenda zake. Nami nikaenda posta.

Halafu ikawa ile siku ya Alhamisi. Nilikuwa juu ya kigoda naangua matunda ya kaki niliyoyaanika chini ya paa, yamekauka vizuri, yana unga mweupe, ukungu umejaa bonde mpaka nilikuwa naona mikono yangu tu na yale matunda, kama vile ninayaangua kutoka mbinguni. Simu ikalia mfukoni. Kijana mmoja akanitaja jina langu, akaongeza mbele yake neno mwandishi.

Nikamwambia, "Umekosea, hapa ni kwa mkulima."

Akacheka. Akasema anapiga kutoka gazetini, hadithi yangu imeshinda. Akasema majaji walidhani aliyeiandika ni msichana wa chuo kikuu. Nikamwambia majaji hao wana akili, kwa maana hadithi ni changa, mwenyewe tu ndiye mzee. Akacheka tena, akasema nitume picha na maneno machache ya mshindi, na nisimwambie mtu mpaka gazeti litoke tarehe moja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu kwa desturi, "Na hii hukuituma kwingine, sivyo?"

Mshauri, sijui kilichonipata. Miguu yangu ilikuwa juu ya kigoda, ukungu uko chini, ulimi ukatangulia. Nikasema, "Kwingine wapi, mwanangu!"

Nilikaa kimya mchana kutwa, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Jioni tulikuwa ukumbini tunakula, Bibi Guk akanitazama akasema, "Mbona leo hujajisifu tangu supu ije? Tumbo linakuuma?" Basi nikawaambia. Kelele zilizopigwa hapo, mabibi wanapiga vijiko mezani, mmoja analia, Bibi Guk mwenyewe akanijazia bakuli langu pombe ya mchele na mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Na mkuu wa kijiji, Bwana Pyo, mtu asiyeweza kuona furaha bila kuitundika, kesho yake alikuwa amekwisha kuchapisha bango, likafungwa darajani, jina langu kubwa kama ng'ombe, na chini yake: FAHARI YA KIJIJI CHETU, MWANDISHI MPYA WA MWAKA MPYA.

Mwalimu Se-rin akalikuta bango hilo Jumatatu. Alikuja kwangu mbio, mashavu mekundu kwa baridi, akanishika mikono, akasema, "Babu! Babu! Kwa hiyo ulichagua lipi?"

"Lipi nini?"

"Kati ya yale magazeti matatu."

"Yote."

Akaniachia mikono polepole, kama mtu anayeweka yai chini. Akaomba yale matangazo, akanisomea mayai ya chungu. Yanasema hadithi iliyotumwa pia mahali pengine inafutwa, hata kama imekwisha kushinda.

Nikasema, "Hao wengine wamekwisha kuitupa. Nani atajua?"

"Wewe umekwisha kujua, babu. Na mimi."

"Wewe utanishtaki?"

"Mimi sitakushtaki. Lakini tarehe moja nilikuwa nimepanga kuja kuisoma pamoja nawe, na sasa sitaweza kuja." Akatoka bila kunywa chai, akasahau skafu yake, mpaka leo iko msumarini.

Basi mshauri, hapa ndipo nilipo. Pesa za tuzo sizitaki, nitawapa hata kesho wakitaka. Ninachotaka ni asubuhi moja tu. Sang-deok anakuja na watoto wake, nimepanga kukaa pale pale alipokuwa anakaa mama yake, nifungue gazeti, nisome kwa sauti hadithi yenye jina langu juu yake, mimi mwenyewe, bila ya kusahau miwani. Miaka arobaini nilimwambia ningeitunga bora. Nimeitunga. Sasa nipige simu niseme sikuitunga? Nina miaka sabini na tisa, daktari akisikiliza moyo wangu anakunja uso, sina tena Januari nyingi ghalani. Na kosa lenyewe ni la mkulima, si la mwizi. Nimeiba nini? Hadithi ni yangu. Nakuomba uniambie ninyamaze, na kama huwezi kuniambia hivyo, uniambie jinsi ya kuzirudisha zile bahasha mbili bila watu kujua.

Neno la mwisho. Tangu majira ya kaki, nikijilaza mchana baada ya kula, Jeom-rye anakuja. Anakaa mahali pake, anafungua gazeti, midomo inatembea, sauti haitoki. Nikiinuka kutazama, ukurasa ni mweupe mtupu, na yeye hanikasirikii, ananitazama tu kama mtu aliyeagiza maji na anajua yanakuja. Sijui ni ndoto au ni sakafu imepata moto mno. Juzi ukurasa ulikuwa na maandishi. Nilifurahi nikamwendea kwa magoti, nikainama nisome. Yalikuwa madogo sana. Nikaamka.

Wako,
Mkulima wa mteremkoni

*

Mzee wangu wa mteremkoni,

Barua yako imenifikia Jumatano na gazeti linaingia mitamboni leo. Ungeweka namba ya simu ningekupigia na kukugombeza kwa mdomo. Hukuiweka, kwa hiyo nakugombeza mbele ya wasomaji wote. Jina nimelificha na majina ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa kuficha jina ambalo limetundikwa darajani ni kazi bure.

Nianze na pole. Nilisoma habari za Jeom-rye na miwani isiyokuwepo, nikaweka barua chini, nikatoka nje nikarudi. Miaka arobaini na minane mtu anakulinda usiaibike, wala hakukudai hata asante. Na mtu wa miaka sabini na sita kukaa kwenye dawati dogo, kati ya mabibi kumi na wanne wenye ulimi, kwa sababu hiyo, si jambo dogo. Jisifu. Kwa hilo nakuruhusu.

Kwa mengine, hapana.

Unasema kosa ni la mkulima. Kutuma bahasha tatu, nakubali, ni kosa la mkulima, na mwalimu wako naye angefanya vizuri kukueleza kwa nini uchague. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wewe ukashika tatu, tena ukiwa juu ya kigoda. Lakini yule kijana alipokuuliza kama umeituma kwingine, hukujibu kama mkulima. Ulikwisha kujua, la sivyo ulimi wako usingekimbia. Ukaficha, kama ulivyozoea kuficha. Zamani ulificha kwamba hujui kusoma. Sasa unajua kusoma, na bado unaficha. Ndiyo maana mwalimu wako alitoka bila kunywa chai. Hukumvunja moyo kwa bahasha, mzee. Ulimvunja moyo uliposema "nani atajua".

Na nani atajua? Wewe umesomewa magazeti ya mwaka mpya miaka arobaini, kwa hiyo nikukumbushe kitu ulichokuwa unakisikia huku unapasua njugu. Kando ya hadithi iliyoshinda, majaji huandika maoni yao, na humo hutaja kwa majina hadithi zilizofika hatua ya mwisho zikakosa. Hadithi nzuri kama yako ikishinda hapa, unadhani huko kwingine iliishia jalalani? Tarehe moja asubuhi watu wanaopenda mambo haya hununua magazeti yote, wakayatandaza sakafuni. Watakuta jina la hadithi yako katika gazeti hili limeshinda, na katika lile limesifiwa. Mpaka supu ya mchana ipoe, simu zimekwisha kulia. Mwaka mmoja niliwahi kuona tuzo ikifutwa kwa tangazo la mistari mitatu, tarehe tano Januari. Hadithi ilikuwa nzuri. Mistari ile mitatu ndiyo watu wanayoikumbuka.

Umeniuliza umeiba nini. Hili ndilo swali lako bora, na ndilo sababu ya kukuandikia kwa haraka hivi. Zingatia siku. Ukisema leo, majaji bado wana muda wa kuchukua hadithi ya pili, wampigie mwenyewe, wampige picha, wachape. Ikijulikana baada ya tarehe moja, gazeti limekwisha kutoka, nafasi inabaki tupu, na mwaka huo hakuna aliyeshinda. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unachochezea ni nafasi yako tu. Iko ya mtu mwingine ndani yake, na kila siku unayokaa kimya unamlia siku yake.

Nakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika katika ukurasa huu. Mimi nilituma hadithi kwa mashindano haya miaka tisa. Kila Desemba nilikuwa natembea na simu mpaka msalani. Kuanzia tarehe kumi na tano sikula vizuri, kufikia ishirini nilijua nimekosa, kufikia ishirini na tatu nilikuwa najifanya nimesahau. Miaka tisa simu ililia mara moja tu, alikuwa shangazi anauliza kama kabichi zangu zimekolea chumvi. Sasa nawajibu wazee wakaidi katika gazeti la wakulima, na sijutii. Lakini najua ile Desemba ilivyo.

Basi nisikilize.

Leo, ukimaliza kusoma haya, pigia gazeti lile. Wanafungua saa tatu asubuhi. Mtafute kijana yule yule. Sema: hadithi hii niliituma kwa magazeti matatu, uliponiuliza nilikudanganya, naiondoa. Maneno hayo tu. Usimweleze maharage, usimweleze mke, usimweleze moyo wako. Ukimweleza atakuhurumia, naye hana ruhusa ya kukuhurumia, utamtesa bure. Usimtume mwalimu aseme kwa niaba yako, wala Sang-deok. Kisha piga hayo magazeti mengine mawili uiondoe na huko pia.

Bango lishushwe kabla ya giza. Wewe usipande popote, vigoda vimetosha. Mwite Bwana Pyo, yeye ndiye aliyelipandisha. Ukumbini waambie kabla hawajakuuliza. Bibi Guk atasema neno. Acha aseme, amelichuma. Nina hakika kesho yake atakupa kimchi, kabichi yake ya chumvi na pilipili.

Mwalimu mpelekee skafu yake kwa miguu yako mwenyewe. Usiseme mengi. Mwambie umepiga.

Na asubuhi yako unayoitaka? Sang-deok aje, watoto waje, kaa pale pale kwenye moto. Fungua gazeti usome hadithi ya mtu mwingine, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka yote hiyo Jeom-rye hakukusomea hata hadithi moja ya mtu wa nyumba yenu, na ulifumba macho mto ukapita chini ya mlango. Sasa ni zamu yako kuwapitishia wajukuu huo mto. Na kabla ya kuanza, mwambie mwanao kwamba hukuwahi kuwa msahaulifu. Ana umri wa kutosha kujua mama yake alikuwa nani.

Hadithi yako haijachapwa, kwa hiyo bado ni mpya. Yapo majarida ya fasihi yanayotoka kila msimu na yanayopokea waandishi wapya. Mwache mwalimu akutafutie, kama atakuwa amekusamehe. Tuma kwa moja. Moja, mzee. Subiri wakujibu, hata ikichukua miezi minne, wakikataa ndipo utume kwa la pili. Najua una miaka sabini na tisa. Wakati unasubiri andika nyingine, maana mwenye hadithi moja tu ndiye anayeiogopea namna hii. Na masharti uyasome mpaka chini. Ukiona herufi ni ndogo sana kwa macho yako ya mwewe, nunua miwani.

Sasa weka gazeti hili chini. Mahali fulani yuko mtu ambaye hadithi yake ilikuwa ya pili. Huenda ni muuguzi, huenda ni baba wa watoto watatu anayeandika kwenye meza ya jikoni. Tarehe zimepita, amekwisha kujiambia mwakani, amefungua bomba anaosha vyombo, na simu yake iko kwenye meza nyuma ya mgongo wake, kimya. Piga yako, ili yake ilie.